Mtoto kaandikiwa PET skani? Pitia hapa kwanza kabla hujaikimbia

Mionzi_Kidogo

Habari za jioni wakuu.

Nimekuwa nasoma nyuzi za humu kuhusu saratani za watoto muda sasa, na naona kila ikitajwa PET skani watu wanakamata maneno mawili tu, nyuklia na mionzi, mada inafia hapo hapo. Mi kazi yangu ndo hii, niko kitengo cha tiba ya nyuklia, nachoma sindano na kupiga picha (hospitali sitaitaja), na kinachoniuma ni kwamba wazazi wanakuja wameogopa kitu kimoja, halafu vile vitu vinavyoharibu kipimo kweli kweli hakuna mtu aliyewaambia. Uji wa asubuhi unaharibu picha. Baridi inaharibu picha. Mtoto kucheza mpira jana yake jioni inaharibu picha. Kwa hiyo nataka tuongee hayo kwa kirefu, na la mionzi nalo tutalifikia, silikwepi.

Kwanza kipimo chenyewe. CT na MRI zinakuonyesha umbo, kwamba hapa kuna uvimbe wa sentimita tatu. PET inakuonyesha huo uvimbe unafanya nini, uko hai unakula au ni kovu tu lililobaki baada ya dawa. Mtoto anachomwa sukari kidogo sana iliyopachikwa florini-18, yaani florini yenye mionzi, inaitwa FDG. Seli nyingi za saratani zinakula sukari kupita kiasi, hilo Mjerumani Otto Warburg aliliona tangu miaka ya 1920. FDG ikiingia kwenye seli inapita hatua ya kwanza ya kutumika, hatua inayofuata inagoma, basi inakwama humo humo ndani. Florini ikivunjika inatoa positroni, positroni ikigongana na elektroni vyote viwili vinapotea na inatoka miale miwili ya gama inayokimbia pande mbili tofauti kabisa, ile mashine ya duara inaidaka yote kwa wakati mmoja na kujua imetokea kwenye mstari upi. Hilo likijirudia mamilioni ya mara kompyuta inapata picha. Sio teknolojia ya jana, watu wa kwanza walichomwa FDG mwaka 1976 pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani.

Sasa kwa nini mtoto apimwe? Chukua limfoma ya Hodgkin, saratani ile inayokuja na matezi shingoni na kifuani. Zamani karibu kila mtoto alikuwa anapewa kemo halafu anamaliziwa na tiba ya mionzi. Anapona, lakini binti aliyechomwa mionzi kifuani akiwa na miaka 12 anabeba hatari ya saratani ya matiti huko mbele, moyo unaweza kusumbua, tezi ya shingo nayo. Ulaya wakafanya utafiti mkubwa unaitwa EuroNet-PHL-C1, waliandikisha watoto kuanzia 2007, wakawa wanapiga PET baada ya mizunguko miwili ya kemo, mtoto ambaye dawa imemfanyia kazi vizuri hapewi tena tiba ya mionzi. Wengi sana wakaepushwa nayo. Hiyo tiba inayorukwa ni grei 20 hivi (grei ni kipimo cha mionzi) mwilini mwa mtoto anayekua, na hiyo picha inayoogopwa ni mionzi kidogo mno ukiiweka pembeni yake. Mzazi anayekataa PET kwa kuogopa mionzi anaweza kuwa ndo anamsogeza mwanae kwenye mionzi mingi zaidi.

Ulizeni, nipo.

mama_wa_mapacha

Asante kiongozi kwa uzi. Mwanangu ana miaka 5, kilo 20, tumeambiwa tujiandae wiki ijayo. Naomba unijibu bila kunizungusha, hiyo sindano haiwezi kumletea saratani nyingine? Maana mume wangu kagoma kabisa anasema bora tusubiri.

Mionzi_Kidogo

Pole mama, na swali lako ni la haki kabisa. Nakujibu kwa namba.

Mtoto wa kilo 20 anachomwa kama megabekereli 100 hivi za FDG (hicho ni kipimo cha nguvu ya dawa yenyewe), mwongozo wa Marekani Kaskazini unasema 3.7 mpaka 5.2 kwa kila kilo. Kwa umri wa miaka 5 hiyo inampa kama milisivati 5 na nusu (hicho ni kipimo cha mionzi anayopokea mwili). Binadamu wa kawaida duniani anapokea wastani wa milisivati 2.4 kila mwaka kutoka kwenye udongo, hewa, chakula na anga bila kupimwa chochote. Kwa hiyo sindano ya mwanao ni sawa na miaka miwili na kitu ya kuishi tu duniani. Juu yake inaongezeka ile CT inayopigwa pamoja na PET, na hapo ndo pa kuuliza, maana CT inaweza kushushwa iwe ya kiwango cha chini ya kuonyesha tu kiungo kiko wapi, au ikawekwa kubwa ya kawaida. Kama juzi juzi kapigwa CT nzuri hospitali nyingine hakuna sababu ya kuirudia kwa ukubwa ule ule.

Hatari si sifuri. Seli za mtoto zinagawanyika haraka na ana miaka mingi mbele yake ya kuishi, ndo maana tunapima dozi kwa makini kuliko kwa mtu mzima. Ila ni hatari ndogo sana, na upande wa pili wa mizani kuna ugonjwa ambao upo tayari, daktari anahitaji kujua umefika wapi ili achague dawa. Kusubiri nako kuna hatari yake na hiyo sio ndogo.

Kuna kitu kimoja nataka mume wako akisikie. Mwaka 2008 kina S. Ted Treves wa hospitali ya watoto ya Boston walitoa matokeo baada ya kuulizia hospitali 13 za watoto Marekani Kaskazini zinachoma kiasi gani, wakakuta kwa kipimo kile kile tofauti ya dozi kwa kilo inafika mara 3 kwa wastani, na kwenye dozi ya chini kabisa tofauti ni mara 10 na hata zaidi. Hospitali kubwa hizo, wataalamu wale wale. Ndo zikatoka kanuni za pamoja mwaka 2010, na Ulaya nao wana kadi yao ya dozi kwa kilo. Kwa hiyo swali zuri la kwenda nalo pale dirishani ni "mmemkadiria kwa kilo zipi?" Mwambie ampandishe mwanae kwenye mizani siku ile ile. Mtoto mgonjwa anapungua, kilo zilizoandikwa kwenye faili miezi miwili nyuma zinaweza kuwa sio zake tena. Na sisi wapimaji swali hilo halituudhi, tunalipenda.

mshua_254

Wacha niseme ya mtoto wangu, labda itasaidia mtu. Msichana wa 13, Hodgkin. Tulipelekwa PET hapa Nairobi mwezi wa saba, na mnajua Julai ya Nairobi ilivyo, asubuhi mapema unaona pumzi yako. Tukakaa kwa waiting room imewashwa AC, yeye ako na gauni tu ya hospitali, sweta wakasema atoe. Picha ikatoka shingo na mabega yote yanawaka pande zote mbili. Mimi na mamake tulilia siku hiyo, tulijua ugonjwa umesambaa. Kumbe daktari anatuambia hawezi kusema ni tezi ama ni mafuta, turudie. Wiki mbili tukingoja. Picha ya pili wakamfunika blanketi mapema, shingo safi kabisa. Hakuna mtu alikuwa ametuambia kuhusu baridi, hata mmoja.

Kanda_ya_Ziwa

Daah pole sana mkuu. Mafuta tena yanawaka vipi?

Mionzi_Kidogo

Mshua pole sana, na asante kwa kuliandika hapa maana hili ndo linaumiza familia nyingi.

Kanda_ya_Ziwa, mwili una mafuta ya aina mbili, haya meupe tunayoyajua na mengine ya kahawia ambayo kazi yake ni kuchoma nishati ili utoe joto. Watoto na vijana wanayo mengi kuliko sisi. Yamekaa shingoni, juu ya mtulinga, kando ya uti wa mgongo na kuzunguka figo kwa juu, yaani sehemu zile zile ambazo limfoma inapenda kukaa. Mtoto akisikia baridi yanaamka, yanavuta sukari kwa nguvu, na FDG inaingia humo pamoja nayo. Kwenye picha ni mwanga mtupu na tezi ndogo yenye ugonjwa inaweza kujificha katikati yake.

Kumpasha joto baada ya sindano umeshachelewa. Joto lianze nyumbani, kwenye gari afunge vioo, avae soksi, sweta isiyo na zipu wala vifungo vya chuma, kofia, na akifika afunikwe blanketi angalau nusu saa kabla ya kuchomwa na abaki nalo mpaka anaingia mashineni. Chumba cha kusubiria kiwe na joto hata kama wahudumu tunatoka jasho. Kwa mtoto ambaye safari ya kwanza yaliwaka kuna dawa daktari anaweza kumpa kabla, propranololi inatumika sana kwa hilo, ila hiyo anaamua daktari. Mzazi wewe beba blanketi lako kutoka nyumbani, usitegemee la hospitali.

Kanda_ya_Ziwa

Sasa na mi niseme la kwangu. Mtoto wa dada yangu, miaka 3, walisafiri kutoka huku kanda ya ziwa mpaka Nairobi, basi usiku mzima, wamefika asubuhi mtoto analia njaa mama yake kampa uji na chapati nusu. Wakapimwa sukari wakaambiwa rudini kesho. Kesho! Hela ya kulala ilitoka wapi hakuna aliyeuliza. Karatasi waliyopewa imeandikwa Kiingereza asije na kitu tumboni, dada yangu darasa la saba. Ingeandikwa tu mstari mmoja wa Kiswahili yale yote yasingetokea.

Mionzi_Kidogo

Inauma sana hiyo. Na kosa sio la dada yako, mtu anayetoka mbali hivyo anatakiwa apigiwe simu siku moja kabla na aelezwe kwa lugha anayoielewa, na hakika hili ningetamani kila kitengo kilifanye.

Haya basi naandika hapa kwa Kiswahili, mwenye kuhitaji anakili amtumie ndugu yake.

Mtoto asile chochote masaa manne mpaka sita kabla ya sindano, kitengo chako ndo kitakuambia saa ngapi kamili kulingana na umri. Kichanga anayenyonya anapangiwa kati ya kunyonya na kunyonya, usimkatize maziwa kwa kujiamulia mwenyewe. Maji ya kawaida ruksa na tunayataka kabisa, yanasafisha figo na kibofu, ila kama atalazwa usingizi basi fuata masharti ya daktari wa usingizi hata kwenye maji. Juisi hapana, soda hapana, pipi hapana, maziwa hapana, dawa ya kikohozi yenye sukari uliza kwanza. Sababu ni kwamba akila, mwili unatoa insulini, insulini inasukuma sukari kwenda kwenye misuli na moyo, na FDG inafuata njia hiyo hiyo, mtoto anatoka kwenye picha misuli yote inang'aa na uvimbe umefifia. Mtoto mwenye kisukari apangiwe na daktari wake kabla, huyo asije na masharti ya wenzake.

Na wale waliolazwa wodini sikilizeni vizuri. DRIPU YA DEKSTROSI. Hili nimeliona mno. Mtoto hajala toka usiku, kila mtu kafuata masharti, halafu nesi wa zamu ya alfajiri anamhurumia anamtundikia dripu ya sukari. Dripu ya sukari ni sawa na kumpa soda. Mama ukiona chupa imeandikwa dekstrosi au DNS (dekstrosi na chumvi) na mtoto anaenda PET asubuhi, uliza hapo hapo, ibadilishwe iwe ya chumvi kama daktari anaona inafaa.

Siku moja kabla apumzike. Hakuna mpira, hakuna kuruka kamba, hakuna kubembea mtini. Misuli iliyofanya kazi jana bado inavuta sukari leo.

Halafu kuna lile lisaa la kusubiri, na hili kwangu mimi ndo kipimo chenyewe. Baada ya sindano mtoto anakaa kama dakika 60 ndipo aingie mashineni, na chochote anachofanya muda huo kinaandikwa mwilini. Akitafuna bazoka misuli ya taya inawaka. Akiongea sana koo la sauti linawaka. Akilia lisaa zima, koo na kiwambo cha kupumulia vinawaka vyote. Nimewahi kumwona mama mmoja alimlaza bintiye ubavuni amemfunika khanga mbili juu ya blanketi, anamsimulia hadithi ya sungura kwa sauti ya chini sana, kila mtoto akitaka kujibu anamwekea kidole mdomoni taratibu, dakika zote zile. Picha ya yule binti ilitoka safi shingo nzima. Hakuna mashine ya bei yoyote inayoweza kufanya kazi ya mama yule.

Kanula iwekwe mapema, wakati bado hajachomwa FDG, kilio kiishie hapo. Kabla ya kuingia akojoe, FDG nyingi inatokea kwenye mkojo na kibofu kikijaa kinaficha nyonga yote.

intani_mpya

Naomba kuuliza mkuu, niko intani hospitali ya rufaa, wodi ya watoto. Wadogo chini ya miaka mitano mnawatuliza vipi mashineni? Na mtoto wa kifafa je, maana tumeona wanaandikiwa PET ya ubongo.

Mionzi_Kidogo

Karibu daktari. Picha yenyewe ni kama dakika 15 mpaka 25 kutegemea mashine. Kichanga tunamnyonyesha muda ukiruhusu, tunamfunga vizuri kwenye nguo, analala mwenyewe. Wa miaka 6 na kuendelea wengi wanaweza kulala kimya kama wameonyeshwa mashine mapema na mzazi anaonekana pale. Hao wa katikati ndo kazi, wengine wanahitaji dawa ya usingizi, na hiyo iwe na daktari wa usingizi, oksijeni na mashine ya kufuatilia mapigo, sio kubahatisha.

Kwa kifafa mambo yanabadilika. Pale tunatafuta sehemu ya ubongo inayotumia sukari KIDOGO kuliko wenzake wakati mtoto hana degedege, mara nyingi ndo chanzo kilipo, na daktari wa upasuaji anaihitaji hasa pale MRI haijaonyesha kitu. Sasa dawa ya usingizi inashusha ubongo wote, kwa hiyo tunamchoma akiwa macho, chumba cha giza kidogo, kimya, hakuna katuni kwenye simu, na usingizi unaletwa baada ya nusu saa hivi ambapo sukari imeshaingia. Inatakiwa pia afungwe EEG, nyaya za kupima umeme wa ubongo, muda huo. Akipata degedege bila kuonekana wakati FDG inaingia, ile sehemu itawaka badala ya kufifia na msomaji atapotoka kabisa.

intani_mpya

Shukrani sana. Ila ukweli wagonjwa wetu wengi PET hawaifikii.

Mionzi_Kidogo

Hapo umegusa penyewe.

Nusu ya florini-18 inaisha kila dakika 110. Huwezi kuitengeneza Ulaya ukaipakia kwenye ndege ukaitegemea huku, inatakiwa saiklotroni, mashine ya kuizalisha, iwe karibu, itengenezwe alfajiri ichomwe asubuhi. Kwa ukanda wetu Nairobi walitangulia, Aga Khan na ile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zote zina saiklotroni yake. Kuisafirisha kwa barabara mpaka kanda ya ziwa, ukifika kilichobaki hakitoshi.

Lakini tiba ya nyuklia sio PET peke yake, na hapa naomba madaktari vijana mnisikilize maana vipimo hivi vinasahaulika. Teknetiamu-99m, dawa ya mionzi tunayotumia kwenye skani hizo nyingine, nusu yake inaisha kwa masaa 6, na inazaliwa na molibdenamu ambayo nusu yake ni masaa 66, kwa hiyo molibdenamu inapanda ndege ikiwa kwenye mtungi wa madini ya risasi, inafika, sisi tunaikamua teknetiamu kila asubuhi mpaka wiki inaisha. Hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar wana kitengo cha tiba ya nyuklia miaka mingi. Mtoto mwenye UTI za kujirudia, skani ya DMSA inakuonyesha kama figo limepata kovu. Figo limevimba tangu tumboni mwa mama, skani ya MAG3 na dawa ya kukojoza inakuambia limeziba kweli au limelegea tu. Mtoto anatoa damu nyingi kwenye choo bila maumivu, skani ya Meckel, inayotafuta kifuko cha kuzaliwa nacho kwenye utumbo. Kichanga wa manjano isiyoisha na choo cheupe kama chokaa, HIDA, skani ya ini na njia ya nyongo, inasaidia, na huyo usimzungushe kwenye foleni maana upasuaji wa Kasai, wa kuipa nyongo njia ya kutoka, unafanya vizuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60 za umri. Na nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva za watoto, kipimo chake kikuu ni skani ya MIBG yenye iodini, anapewa kwanza matone ya iodini ya kulinda tezi ya shingo, matone hayo yasirukwe.

Udhaifu wake ni mtandao wa kupata malighafi. Mwaka 2009 na 2010 vinu viwili vya nyuklia vinavyotoa molibdenamu, cha Chalk River Kanada na cha Petten Uholanzi, vilisimama kwa vipindi na dunia nzima ikakosa teknetiamu. Sisi wa mwisho kwenye mstari tunaumia zaidi ndege ikichelewa hata siku moja tu, maana dawa inaisha ikiwa njiani.

Kanda_ya_Ziwa

Na ule uvimbe wa taya, Burkitt, huku kwetu ndo mwingi. Huyu mtoto wa dada yangu ndo kaambiwa hivyo. Lazima PET?

Mionzi_Kidogo

Hili nalisema nikiwa mtu wa PET mwenyewe, mkuu: Burkitt isisubiri PET. Denis Burkitt aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, na watoto wamekuwa wakiponywa ukanda huu miaka mingi kabla PET haijafika. Ni uvimbe unaokua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Anachohitaji mwanetu ni kipande cha nyama kikasomwe, ultrasaundi ya tumbo, uboho, maji ya uti wa mgongo, halafu kemo ianze. PET inawaka sana kwenye Burkitt na ina nafasi yake mwishoni pale kuna uvimbe umebaki na hatujui ni hai au ni kovu. Kumsafirisha mtoto wa hivyo usiku kucha kwa ajili ya picha ya mwanzo wakati kemo ipo hospitali ya karibu, mi siungi mkono. Ongeeni na daktari wake leo, muulizeni picha ile itabadilisha nini kwenye dawa atakayopewa. Kama jibu ni hakuna, dawa ianze.

Kanda_ya_Ziwa

Nimelielewa. Nampigia dada sasa hivi.

binti_pwani

Jamani mi nina mimba ya miezi minne na mtoto wa kaka atafikia kwangu Mombasa akitoka kupimwa. Nimsogelee au nikae mbali? Na pampasi zake je?

Mionzi_Kidogo

Hongera dada. Akichomwa saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi na moja jioni imebaki kama moja ya thelathini kwa kuvunjika peke yake, na nyingine ameshaikojoa. Kesho yake asubuhi hakuna kitu cha kuzungumzia. Kwa kuwa una mimba, siku ile ile mwingine ndo ambebe na kulala naye, wewe kesho yake mkumbatie utakavyo. Hata pale hospitali mwenye mimba asikae naye chumba cha kusubiria, aende baba au shangazi. Pampasi za siku ile vaa glavu, funga kwenye mfuko, nawa mikono, basi. Na kama anarudi kwa ndege siku ile ile abebe barua ya hospitali, vifaa vya uwanjani vinaweza kulia. Teknetiamu nayo inaweza kuviliza hata siku moja mbili baadaye.

mama_wa_mapacha

Mume wangu kasoma uzi wote, kakubali. Swali la mwisho, huyu wangu ameshamaliza mizunguko miwili ya kemo na anachomwa ile sindano ya kupandisha chembe nyeupe. Ina shida?

Mionzi_Kidogo

Nimefurahi sana mama. Na ndiyo, hilo lazima uwaambie mapokezini. Ile sindano inafanya uboho wote uwake, mifupa inaonekana kama imejaa ugonjwa kumbe inazalisha damu tu, waambie tarehe ya mwisho aliyochomwa ili wapange. PET ya katikati ya kemo inatakiwa isogee karibu na mzunguko unaofuata, kwa kawaida wiki mbili au zaidi toka dawa ya mwisho, ukiharakisha unapata picha ya uvimbe uliopigwa tu kwa muda na vidonda vya dawa vinavyowaka.

Jambo jingine utakutana nalo miezi ijayo akishapona, kuna tezi kifuani nyuma ya mfupa inaitwa thaimasi, kemo inaisinyaza, kemo ikiisha inarudi kukua na kuwaka. Ukiona kwenye ripoti "mwanga kifuani mbele" usianguke, uliza kwanza kama ni hiyo, ina umbo lake na msomaji wa picha za watoto anaijua. Sehemu za mifupa zinazokua, magotini na mabegani, nazo zinawaka kidogo kwa mtoto yeyote.

Kama ni Hodgkin, ripoti itakuwa na namba ya 1 mpaka 5, kipimo cha Deauville, wanalinganisha mwanga wa uvimbe na wa ini. 1 na 2 ni nzuri, 3 mara nyingi nayo inachukuliwa vizuri kutegemea mwongozo daktari wako anaofuata, 4 na 5 ndo mnakaa chini kuongea. Ili walinganishe vizuri wanahitaji picha ya mwanzo kabisa, na sio karatasi ya ripoti peke yake, picha zenyewe. Kwa hiyo kabla ya wiki ijayo mume wako apite pale mlipopigwa mara ya kwanza, aombe CD, aifungue kwenye kompyuta yao pale pale aone inasoma, ndipo aondoke nayo.